Mikono ya Bwana Okubo

Jumamosi ya kwanza wali haukushikana. Ramla aliuchota kwa mkono uliolowa maji ya chumvi, akaubana, akauzungusha kama mama yake alivyomwelekeza, na alipofungua kiganja ukamwagikia kwenye sinia punje mojamoja. Ulikuwa wali mzuri mno, na hapo ndipo penye tatizo.

Mama yake, Mwajuma, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa jiko, katika nyumba yao ya Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi. Watu wake walitoka Kasongo, kule Maniema, na mwanamke wa Kasongo ambaye wali wake unashikana husemwa mpaka kwenye misiba. Mchele unaoshwa mara tano, unakaangwa kidogo kwenye mafuta, unafunikwa, makaa yanawekwa juu ya kifuniko, na ukipakuliwa kila punje inajitegemea. Hivyo ndivyo Mwajuma alivyomfundisha binti yake tangu akiwa na miaka saba. Sasa alikuwa anamfundisha kuuharibu, na ilimuuma kidogo.

"Ongeza maji," alisema. "Na usitie mafuta. Mafuta njo inaachanisha."

"Nilitia kiloko tu, mama."

"Hata kiloko. Ule baba hakukuwaka anatia mafuta."

Ule baba alikuwa Bwana Okubo, Mjapani, mtaalamu wa mawe, aliyekuja katika miaka ya sabini kufanya kazi kwenye mgodi mmoja kusini, upande wa mpaka. Mwajuma alikuwa mpishi wa kambi. Walikaa pamoja miaka sita, akazaliwa Ramla, na Ramla alipotimiza miaka minne mkataba ukaisha. Bwana Okubo akapanda ndege, akasema ataandika. Hakuandika. Wenzake nao waliacha watoto, na wao pia hawakuandika, kwa hiyo huwezi kuilaumu posta.

Ramla sasa ana miaka arobaini na sita. Ana kibanda karibu na soko, chenye kompyuta na mashine ya fotokopi, na kwa miaka kumi na tisa amewajazia watu fomu: za shule, za viwanja, za pasipoti, za maziko. Anaijua mistari yote. Anajua kwamba jina la baba hukaa mstari wa nne. Kwenye cheti chake mwenyewe mstari wa nne umeandikwa "hajulikani", na mwaka huu ofisi ya vyeti ilitangaza kwamba watu wa umri wake waje waandikwe upya kwenye kitabu kipya, ambacho kikishafungwa hakifunguliwi tena. Hakutaka kwenda Japani. Hakutaka urithi. Alitaka mstari wa nne.

Karani wa ofisi hiyo aliitwa Paulin, kijana mwenye adabu, ambaye humwita Ramla yaya kama watu wa hapa wanavyowaita dada zao wakubwa.

"Yaya Ramla, nikuandikie nini?"

"Usiandike kwanza."

"Tunafunga mwisho wa mwezi wa tisa."

"Nimesikia."

Akarudi nyumbani. Kwa kuwa hapakuwa na barua, wala picha, wala mtu wa kumuuliza, alimuuliza mama yake swali ambalo hakuwahi kumuuliza: yule mtu alikuwa anakula nini? Mwajuma alifikiri, akasema onigiri. Ni matonge ya wali, akaeleza, yenye pembe tatu, na ndani yake kitu cha chumvi. Bwana Okubo alikuwa akifunga kumi kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye mashimo, na hakumruhusu mpishi ayaguse, hata mpishi huyo akiwa amelala kitandani mwake.

Jumamosi ya pili wali ulishikana. Ulishikana mpaka kwenye mwiko, kwenye sufuria, kwenye kiwiko cha Ramla na kwenye kitambaa chake cha kichwa. Ila alipoufinyanga, mkono wake ulifanya kile ambacho mkono wa kila mtu wa Lubumbashi hufanya ukishika chakula kinachobanika: dole gumba likaingia katikati na kuchimba kishimo cha kuchotea mboga. Alifinyanga matonge kumi na manne, na yote yakatoka kama vijiko. Jirani yao Chishimba, fundi wa kuchomelea mageti, alijaza kila kishimo mchuzi wa sombe, yale majani ya muhogo, akala manane, kisha akauliza bukari, yaani ugali wenyewe, itakuwa tayari saa ngapi.

Jumamosi ya tatu, saa tisa mchana, mtu alipiga makofi mawili ya taratibu nje ya geti, kama wageni wenye heshima wanavyobisha. Régine, mwalimu wa jiografia anayepanga chumba cha nyuma, ndiye aliyekwenda kufungua. Aliangalia usawa wa macho, hakuona mtu. Akaangalia chini kidogo.

Ilikuwa mikono miwili ya mwanamume, imezeeka, ina madoa ya kahawia, kucha zimekatwa vizuri. Iliishia kwenye vifundo. Ilikuwa hewani, kimo cha kiuno, na vumbi la safari lilikuwa limeikaa kwenye vidole. Mkono wa kulia ulinyooshwa kumsalimia Régine, na wa kushoto ukaja kuushika wa kulia pale kwenye kifundo, maana ndivyo mtu anavyomsalimia mwenzake kwa heshima katika mji huu, na aliyeingia kwenye uwanja wa watu bila kufanya hivyo hana malezi.

"Yaya Ramla," Régine aliita, "kuko bageni." Alisema wageni kwa sababu hakuwa na hakika kama ahesabu mmoja au wawili.

Mikono iliwasalimia wote waliokuwepo, ikianza na Mwajuma kwa kuwa ndiye mkubwa. Kisha ikaenda kwenye bomba, ikanawa kwa sabuni, ikasugua kati ya vidole, ikajikung'uta mara tatu, ikaelekea jikoni. Mwajuma alisogeza kiti ili ipite. Aliitazama ikipita, na alipokiona kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho hakina ncha, akatikisa kichwa.

"Kile kidole njo mulango ya jeep," alisema. "Nilikifungaka mimi mwenyewe na kitambaa ya kanga yangu."

Akaushika mkono wa kulia, akaugeuza, akatazama kiganja. "Umezeeka," akauambia. Kisha akauchapa kofi. Halikuwa kofi la kuumiza, lakini halikuwa la mchezo pia, lilikuwa limesubiri miaka mingi. Mkono ulitulia, ukalipokea. Halafu Mwajuma akausogezea bakuli la chumvi.

Ramla alisimama kando akajifunza. Mkono haubani kwa nguvu, na huko ndiko alikokuwa anakosea. Unalowa maji, unagusa chumvi kwa vidole vitatu, unapokea wali ungali wa moto, unaweka katikati kapenta, dagaa wadogo wa ziwani, wa kuchoma waliokamuliwa ndimu, unafunika. Kiganja cha chini kinabeba. Kiganja cha juu kinajikunja kama paa la nyumba na kutengeneza pembe. Tonge linageuzwa mara moja, mara mbili, mara tatu, basi. Mwishoni panahitajika jani jeusi la baharini ambalo Bel-Air haliuzwi, na mikono ililitafuta mezani, ikapapasa, ikapata jani la shu, ile kabichi ya Kichina, lililochovywa maji ya moto, ikaridhika nalo.

Saa kumi na moja mikono ilinawa tena, ikaaga watu wote mmojammoja, ikatoka.

Régine, ambaye saa za dunia ndiyo kazi yake, alipiga hesabu. Saa tisa mchana ya Lubumbashi ni saa nne usiku ya Japani. Mwenyewe atakuwa amelala.

"Donc inatoroka," alihitimisha.

"Na kama mbu inamuuma kule?" Chishimba aliuliza. "Atajikuna na nini?"

Walilifikiria jambo hilo wakila. Matonge yalikuwa mazuri.

Basi ikawa kila Jumamosi. Watu wa barabara ile walizoea kuja na sahani zao, wakaleta na vya kutia ndani: samaki wa chumvi wanaoitwa makayabu, mayai, karanga za kusaga zenye pilipili, na mama mmoja alileta mabumunda matamu ili aone kama mikono itayakataa. Haikukataa. Chishimba aliacha kuulizia bukari, ingawa kwa heshima ya familia yake alikuwa akila nyumbani kabla ya kuja. Watoto walipanga foleni si kwa ajili ya wali tu bali kwa ajili ya kusalimiwa, kwa kuwa mikono haikumruka mtu, hata aliyekuwa mgongoni akinyonya kidole.

Jumamosi moja mikono iliiona mashine ya fotokopi, ambayo Ramla alikuwa ameileta nyumbani kwa sababu ilikwama tangu mwezi wa kwanza na mafundi watatu walikuwa wameisalimia tu. Iliifungua, ikatoa kipande cha karatasi kilichojikunja kama ukucha, ikaifunga. Mashine ikafanya kazi. Siku hiyohiyo, ilipokuwa ikiaga, mikono iliuchukua mkono wa Ramla na kuuweka juu ya wa kulia, kiganja kwa kiganja. Madole gumba yao yalipinda upande mmoja, kwa namna ileile, ambayo shuleni walimcheka Ramla kwa ajili yake. Yalikaa hivyo kwa muda wa kutosha kuchemsha chai.

Ramla alifurahi. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Jumatatu kibandani alimjazia mtu fomu ya kiwanja huku anaimba, na mteja akamuuliza kama ni yeye ndiye aliyenunua kiwanja.

Ni Régine aliyelitaja jambo lenyewe. "Mikono ile si inaandika?" alisema. "Kama inaandika, itatia saini."

Ramla alikwenda kwa Paulin. Paulin alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kitabu cha sheria, akakifuata kwa kidole kutoka juu hadi chini ya ukurasa.

"Inasema muzazi anayemutambua mutoto akuye yeye mwenyewe mbele ya karani," alisoma. "Haisemi akuye muzima muzima. Kichwa haiko imeandikwa hapa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakuya Jumamosi, yaya. Na kitabu. Na muhuri. Lakini Jumatatu tunafunga."

Ilikuwa ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, na kila mtu pale uwanjani aliona kwamba ingekuwa ya mwisho kwa namna nyingine pia. Mikono ilikuwa inapungua. Wiki mbili nyuma ilianza kutetemeka. Wiki iliyopita ilichukua dakika ishirini kutoka getini hadi kwenye bomba, na ikapumzika mara mbili kwenye mapaja ya watu. Matonge yake yalikuwa bado na pembe tatu, ila pembe zilikuwa laini.

"Ule muntu eko anamalizika," Mwajuma alisema, akimwaga mchele kwenye ungo. Alisema kama mtu anayesema mkaa umekaribia kwisha, lakini alirudia kuuosha mchele uliokwisha kuoshwa.

Paulin alifika saa nane na nusu amevaa koti. Walimwekea meza chini ya turubai, akapanga kitabu, fomu, kalamu, muhuri na kibweta cha wino. Saa tisa mikono ikapiga makofi. Ilimsalimia Paulin kwa heshima zote, na Paulin akainuka, kwa sababu mtu anayesalimiwa na mzee haketi. Mikono ikanawa, ikafinyanga sinia la kwanza, polepole, watu wakapata. Ndipo Ramla akaiita mezani.

Aliisomea fomu yote kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili cha kambi Bwana Okubo alikijua. Hakuna aliyejua kama mikono inasikia. Ila ilikaa juu ya meza, viganja chini, kama watu wanavyokaa mahali pa kusomewa karatasi. Ramla akaweka kalamu kwenye mkono wa kulia.

Mkono uliishika vizuri, kama mtu aliyeandika maisha yake yote. Uliandika tarehe. Uliandika mahali: Lubumbashi, herufi nadhifu zilizosimama sawasawa. Uliandika jina la mtoto, Ramla, na kwenye herufi ya mwisho haukutetemeka hata kidogo. Kwenye mstari huohuo wa tatu, mwaka wa kuzaliwa mkono haukuuliza, uliandika wenyewe, na siku na mwezi vilikuwa sahihi. Régine alianza kulia kabla ya wakati. Kisha mkono ukafika mstari wa nne, ukasimama.

Ukailaza kalamu mezani, sambamba na ukingo wa karatasi.

Ramla akaichukua, akairudisha kati ya vidole. Mkono ukailaza tena. Mara ya tatu, mkono wa kulia ulirudi nyuma ukaingia chini ya wa kushoto, na wa kushoto ukaufunika.

Watu walitazama sahani zao.

"Kuko na kidole," Paulin alisema kwa sauti ya chini, akifungua kibweta cha wino. "Bale habajue kuandika, tunabakubalia kidole. Inatosha, yaya. Mara moja tu."

Ramla alilitoa dole gumba chini ya kile kiganja. Lilikuwa jepesi, nguvu zote zilikwisha kwenye wali. Alilishika juu ya wino, na hapo alilisikia linavuta kurudi, kidogo sana, kama mtoto asiyetaka kuogeshwa lakini anajua hana uwezo. Angeweza. Ilikuwa ni kubonyeza tu, na hakuna mtu pale uwanjani ambaye angesema neno, na Paulin alikuwa tayari ameangalia pembeni.

"Bonyeza," Mwajuma alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Mama, inakataa."

"Minaona. Bonyeza tu. Mutoto yangu hakutokaka kwenye muti."

Ramla alibaki ameinama. Alikuwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto, na aliipenda ile mikono, na yote mawili yalikuwa kifuani kwa pamoja na hayakupishana.

"Miaka kumi na tisa niko naandikisha bantu," alisema mwishowe. "Hata siku moja sikumuandikishaka muntu kwa nguvu."

Akaliachia dole. Mikono ikarudi kwenye sinia. Ramla alikaa chini akalia, si kwa muda mrefu, na Régine akampa ncha ya kitenge chake. Mwajuma hakulia. Alisema maneno mawili ya Kikasongo kuelekea sinia, na wanaokifahamu walijifanya hawakifahamu.

Kisha mikono ikamletea Ramla tonge. Lilikuwa kubwa kuliko mengine, limebanwa kwa uangalifu, pembe zake kali kama za siku ya kwanza. Ramla alilitazama. Alikuwa na njaa, hakuwa amekula tangu asubuhi kwa sababu ya wasiwasi. Akalila lote. Ndani mlikuwa na kapenta na ndimu, na lilikuwa tamu, na alisema hivyo kwa sauti, maana lilikuwa tamu kweli.

"Nikuandikie nini sasa, yaya?" Paulin aliuliza.

"Andika ile iko."

Paulin alifungua kitabu kipya, akakung'uta kalamu. Ulikuwa msimu wa upepo, na kabla hajaanza, upepo ukaingia chini ya turubai ukainua kurasa zote pamoja. Paulin aliziwahi kwa kiwiko, zikamponyoka. Mkono wa kushoto wa Bwana Okubo ulikuja kutoka kwenye sinia, ukajipangusa kwenye taulo, ukajilaza juu ya ukurasa na kuushikilia. Upepo ulivuma tena. Ukurasa haukuinuka. Paulin akaandika kwa utulivu, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kwenye mstari wa nne akaandika kwamba baba hajulikani. Mkono ulikaa hapohapo mpaka alipomaliza, na kwa kuwa ulikuwa umefunika mahali pa muhuri, ilibidi auombe usogee.

"Pardon, papa," alisema.

Mkono ukasogea kidogo. Paulin akapiga muhuri. Halafu mkono ukarudi kwenye bomba, ukanawa, ukaendelea na wali, maana watu wanne walikuwa bado hawajapata.